Bomba la Kipenyo Gani? Utangulizi wa Hesabu ya Mabomba ya Kusukumia Maji

Mradi wa maji unapozinduliwa, wageni hupelekwa kisimani, huoneshwa pampu inayonguruma, kisha hupandishwa kilimani kuliona tangi. Bomba linalotoka kisimani hadi tangini halioneshwi kwa mtu, maana limekwisha kufukiwa. Hata siku za usanifu huwa halipewi muda mwingi: mjadala wa pampu huchukua wiki, na kipenyo cha bomba huchaguliwa kwa mazoea, au kwa kuangalia kilichopo dukani. Nami naamini, baada ya miaka mingi ya kufundisha hesabu hizi, kwamba hakuna uamuzi mwingine katika mradi wa kusukuma maji wenye uzito mkubwa kiasi hicho unaofanywa kwa haraka kiasi hicho. Bomba hilo ndilo litakaloamua bili ya umeme kwa miaka 20 ijayo.

Basi karibu. Utangulizi huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa uhandisi anayeanza, kwa fundi aliyekwisha kulaza kilomita nyingi za mabomba bila kuoneshwa hesabu iliyo nyuma yake, na kwa mjumbe wa kamati ya maji anayetaka kumuuliza mhandisi swali la maana. Hesabu ya sekondari inatosha.

Tuanze na maji yenyewe. Pampu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuyapandisha maji kutoka usawa wa chini hadi usawa wa juu. Huo ni mwinuko, na kipenyo cha bomba hakiwezi kuubadilisha hata kwa sentimita moja. Ya pili ni kuyashinda mapambano ya maji na kuta za bomba, yaani msuguano. Wahandisi huupima msuguano kwa mita, kana kwamba ni kilima cha ziada: wakisema msuguano ni mita 20, maana yake pampu inatumia nguvu ileile ambayo ingetumia kama tangi lingejengwa mita 20 juu zaidi. Kilima hiki cha pili ndicho tunachokijenga wenyewe kwa kuchagua kipenyo, na ndicho tunachokilipia kila pampu inapowashwa.

Kinapanda kwa kasi gani? Chukua bomba, lipunguze kipenyo hadi nusu, kisha ulazimishe maji yaleyale yapite. Eneo la mdomo limekuwa robo, kwa hiyo kasi ya maji imekuwa mara 4. Msuguano hufuata mraba wa kasi, basi hapo tumefika mara 16. Halafu katika bomba jembamba sehemu kubwa zaidi ya maji iko karibu na ukuta, na hilo huzidisha tena mara 2. Jumla mara 32. Kwa lugha ya hesabu, msuguano hupungua kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kama msomaji atatoka na jambo moja tu katika kurasa hizi, ningependa liwe hilo, kwa sababu macho hayakubali: mabomba mawili yanayoonekana kama ndugu, moja la milimita 125 na jingine la 150, yanatofautiana msuguano kwa zaidi ya mara mbili.

Mlinganyo wa msingi aliuandika Julius Weisbach huko Freiberg, Ujerumani, mwaka 1845. Henry Darcy, mhandisi aliyeupatia mji wake wa Dijon maji ya bomba, alipima mabomba ya aina nyingi, mapya na yaliyochakaa, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1857, akionesha kwamba hali ya ukuta wa bomba ina sauti katika jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wawili, Allen Hazen na Gardner Williams, walitengeneza kanuni nyepesi ambayo ofisi nyingi za maji hadi leo huitumia. Ndani yake kipeo cha kipenyo ni 4.87 badala ya 5, kipeo cha mtiririko ni 1.852 badala ya 2, na ulaini wa ukuta hupewa namba inayoitwa C. Nitaitumia hiyo katika mfano wetu, nikiweka C ya 130, namba inayoacha nafasi kidogo ya bomba la plastiki kuzeeka.

Mfano wenyewe ni wa mji mdogo. Maji yanasukumwa lita 15 kwa sekunde, saa 12 kwa siku, umbali wa kilomita 4, mwinuko mita 50. Pampu na mota yake kwa pamoja zina ufanisi wa asilimia 60. Umeme tuseme ni shilingi 300 kwa uniti. Kwa takwimu hizo kila mita moja ya kimo, iwe ya mwinuko au ya msuguano, inakula uniti 1,074 kwa mwaka, sawa na shilingi 322,000 hivi. Mwinuko wa mita 50 peke yake ni shilingi milioni 16 kwa mwaka. Hizo zitalipwa hata bomba liwe pana kama handaki, kwa hiyo tuziweke kando. Kuziingiza katika ulinganisho wa vipenyo ni kosa ninalolikuta mara kwa mara katika taarifa za miradi, na linafanya tofauti kubwa zionekane ndogo.

Sasa vipenyo vya ndani. Kwa milimita 100, msuguano ni mita 161, mara tatu ya mwinuko wenyewe. Kwa 125 ni mita 54. Kwa 150 ni mita 22. Kwa 200 ni mita 5 na nusu, na kwa 250 haufiki mita 2. Ukizidisha kwa bei ya kila mita, bomba la 100 linachoma shilingi milioni 52 kwa mwaka kwa msuguano tu. La 125 milioni 17.5, la 150 milioni 7.2, la 200 milioni 1.8, la 250 laki sita. Tazama jinsi faida inavyokonda kadiri tunavyopanua. Hatua ya kwanza iliokoa milioni 34 kwa mwaka, ya mwisho iliokoa milioni moja na kidogo.

Upande wa pili ni bei ya bomba. Tuseme kulinunua na kulilaza kunagharimu shilingi 30,000 kwa mita kwa kipenyo cha 100, halafu 40,000, 52,000, 82,000 na 120,000 kwa vinavyofuata. Hizi ni bei za mfano; msomaji aweke za sokoni kwake. Kwa kilomita 4 tunapata shilingi milioni 120, 160, 208, 328 na 480.

Hapa mhandisi inabidi aazime hekima ya mfanyabiashara. Bomba hulipwa leo, umeme hulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na shilingi ya mwaka wa ishirini haina thamani ya shilingi ya leo. Tukichukua riba ya asilimia 10 na miaka 20, deni la shilingi moja kila mwaka ni sawa na shilingi 8.5 mkononi leo. Zidisha gharama za msuguano za kila mwaka kwa 8.5, ujumlishe na bei ya bomba. Bomba la 100 linafika milioni 562. La 125 ni milioni 309. La 150 ni milioni 269. La 200 ni milioni 343, na la 250 ni milioni 485. Bomba la 150 limeshinda.

Namba hizi zinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu zina zaidi ya jibu. Ukikosea kwa milimita 50 kuelekea juu, umepoteza milioni 74. Ukikosea kwa milimita 50 hizohizo kuelekea chini, umepoteza milioni 293. Gharama ya bomba huongezeka taratibu, gharama ya msuguano hupanda kama ukuta. Kwa hiyo mashaka yote uliyo nayo kuhusu bei, riba na idadi ya watu, yaelekeze upande wa bomba pana.

Kuna uhusiano mwingine uliofichika humo, na kila mara ninapoufikia darasani huwa nafurahi upya. Bei ya bomba kwa kawaida hupanda kwa kipeo cha kipenyo kilicho karibu na 1.5. Msuguano hushuka kwa kipeo cha 4.87. Ukitafuta mahali ambapo jumla ya viwili hivyo ni ndogo kuliko kote, unakuta kwamba pale penye unafuu, gharama ya msuguano kwa thamani ya leo ni 1.5 gawanya kwa 4.87 ya bei ya bomba, yaani kama asilimia 30. Rudi kwenye bomba la 150: msuguano wake ni milioni 61, bei yake milioni 208. Uwiano ni asilimia 29 na ushee. Kwa kipimo hicho unaweza kuukagua usanifu wa mtu mwingine kwa dakika chache. Ukikuta msuguano unagharimu sawa na bomba lenyewe, bomba ni jembamba. Ukikuta ni asilimia 5, fedha zimefukiwa ardhini bila sababu, labda kama mji unatarajiwa kukua.

Hesabu hiyohiyo inatuambia kwamba kipenyo chenye unafuu hufuata mtiririko kwa kipeo kinachokaribia nusu, yaani karibu na kipeuo cha pili cha mtiririko. Mfaransa Jacques Bresse, mwalimu wa wahandisi katika karne ya 19, jina lake limebaki katika kanuni ya namna hiyo: kipenyo kwa mita ni sawa na namba K mara kipeuo cha pili cha mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde. Nchini Brazil mafundi bado huanza nayo, na India wana kanuni ya Lea yenye sura ileile, K ikiwa kati ya 0.97 na 1.22. Katika mfano wetu K imetoka 1.22. Kanuni hizi ni za kuanzia tu. K ni mahali ambapo bei za nchi, saa za kusukuma na riba vimefichwa, na K ya nchi moja haina sababu ya kufaa nchi nyingine.

Ushahidi wa hilo uko jangwani Australia Magharibi. Dhahabu ilipogunduliwa Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka uliofuata, maelfu ya watu walikwenda mahali pasipo na mto. Mhandisi C. Y. O'Connor alipendekeza maji yasukumwe kutoka bwawa la Mundaring, karibu na Perth, umbali wa zaidi ya kilomita 500, kwa vituo 8 vya pampu za mvuke. Kazi ilizinduliwa Januari 1903. Yeye alikuwa amefariki Machi 1902. Bomba lilikuwa la inchi 30, yaani milimita 762, na lilikusudiwa kupitisha galoni milioni 5 kwa siku. Nimeifanya hesabu yake kwa C ya 100, namba ya chuma cha siku zile. Kasi ya maji inatoka chini ya mita 0.6 kwa sekunde, na msuguano wa njia nzima ni kama mita 350. Ukitafuta K ya bomba hilo unapata karibu 1.5, juu ya mazoea ya leo. Inaeleweka: pampu zilikuwa za mvuke, na makaa ya kuzilisha yalipaswa kusafirishwa hadi vituo vilivyo ndani kabisa ya nchi kavu. Nishati ikiwa ghali, bomba hunenepa. Halafu kutu ililishambulia bomba lile, na hapo ndipo somo la Darcy linaporudi: C ikishuka kutoka 100 hadi 80, msuguano hupanda kwa nusu nzima ingawa hakuna aliyegusa kipenyo.

Turudi mjini kwetu, tubadilishe mambo. Gridi haijafika na pampu inaendeshwa kwa dizeli, kila uniti ikigharimu shilingi 900. Bomba la 150 sasa linafika milioni 392, la 200 linafika 373, na ushindi umehama. Au umeme ubaki shilingi 300 lakini mji ukue, mtiririko upande kwa nusu hadi lita 22.5. Gharama ya msuguano inazidishwa kwa 3.2, na bomba la 200 linashinda tena, milioni 376 dhidi ya 403. Hata hivyo kipenyo halisi chenye unafuu hakikuruka sana. Bei ya nishati kupanda mara tatu husogeza kipenyo kwa asilimia 19 tu. Ndiyo maana huna haja ya kuijua bei ya umeme ya mwaka 2040 ili ufanye uamuzi mzuri leo.

Sola inahitaji maneno yake yenyewe, kwa kuwa inaenea kwa kasi na nasikia ikisemwa kwamba jua halina bili, hivyo msuguano si tatizo tena. Kinyume chake ndicho kweli. Pampu iliyokuwa ikifanya kazi saa 12 kwa umeme wa gridi, ikihamia kwenye jua itabaki na kama saa 6 zenye nguvu. Ili kupata maji yaleyale kwa siku, mtiririko lazima uwe lita 30 kwa sekunde. Msuguano unazidishwa kwa 3.6: katika bomba la 150 unakuwa mita 81, katika la 200 mita 20. Kuushinda msuguano tu, bomba la kwanza linadai kilowati 40 na la pili kilowati 10. Kilowati hizo 30 za tofauti ni paneli, ni vishikizo vya chuma, ni pampu kubwa zaidi. Bili haikufutwa, imelipwa yote mbele. Anayebadilisha mradi wa zamani wa dizeli kuwa wa sola bila kulitazama bomba anajitafutia matatizo.

Hadi hapa nimeongea kana kwamba mfuko ni mmoja. Mara nyingi sivyo. Katika miradi mingi ya vijijini Tanzania, ujenzi hulipwa na serikali au wafadhili, na uendeshaji huachiwa chombo cha watumia maji cha jamii, kile tunachokijua kama CBWSO, chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Anayechagua kipenyo anabanwa na bajeti ya ujenzi. Atakayelipa umeme hayupo mezani. Bomba la 125 badala ya 150 linaiokolea bajeti ya ujenzi shilingi milioni 48, ambazo mkaguzi ataziona na kuzisifu. Jamii itazirudisha kwa kulipa milioni 10.3 zaidi kila mwaka, na ndani ya miaka mitano akiba imekwisha kuliwa. Kwa kila mita ya ujazo ya maji ni kama shilingi 44 za ziada, na anayezilipa ni mama anayesimama kwenye kituo cha kuchotea na ndoo. Hili linaniuma. Hesabu ya kipenyo ingepaswa kuambatanishwa na kila usanifu, ikiwa na gharama za uendeshaji zilizoandikwa kwa shilingi, ili wajumbe wa kamati waione kabla mtaro haujachimbwa.

Kuna mambo ya kazini ambayo mlinganyo hauyasemi. Mabomba ya plastiki hutajwa kwa kipenyo cha nje. Bomba la poli la milimita 160 la daraja la PN10 lililotengenezwa kwa PE100 lina ukuta wa milimita 9.5, kwa hiyo ndani limebaki na 141. Anayeingiza 160 kwenye kanuni badala ya 141 anapata msuguano ambao ni kama nusu ya ule halisi, na pampu yake haitafikisha maji aliyoahidi. Uliza kipenyo cha ndani siku zote.

Kisha kuna kukatika kwa umeme. Pampu ikisimama ghafla, maji yaliyokuwa mbioni huleta mshtuko ndani ya bomba. Nikolai Joukowsky aliuchunguza kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, na matokeo yake ni rahisi kukumbuka: katika bomba la chuma, kila mita moja kwa sekunde ya kasi inayozimwa ghafla huzaa mshtuko wa kama mita 100 za kimo. Plastiki hulainisha mshtuko huo, lakini hauishi. Penye umeme wa kukatika-katika, kasi ndogo ni kinga ya viungio na valvu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuegemea bomba pana ambayo haimo katika hesabu ya shilingi. Mpaka wa chini nao upo: maji yakienda polepole mno, mchanga na tope hutulia bombani. Kwa kawaida tunajitahidi kukaa kati ya mita 0.6 na 1.5 kwa sekunde. Bomba letu la 150 liko 0.85.

Haya yote ni ya bomba la kusukumia. Bomba linaloteremsha maji kwa mvuto, kama lile la kutoka chemchemi za Mzima hadi Mombasa, lina hesabu nyingine, kwani huko kilima kinatoa nguvu bure na kazi ya msanifu ni kuitumia yote bila kubakiza. Ruvu kwenda Dar es Salaam, au visima vya Makutupora kwenda Dodoma mjini, ndiyo miradi ya aina tunayoizungumzia hapa.

Kabla ya kuingia kwenye milinganyo ya sura zijazo, ningependa msomaji apime bomba moja la kweli. Inatosha kuwa na geji ya presha iliyofungwa kwenye bomba baada ya valvu inayozuia maji kurudi. Isome pampu ikiwa imezimwa na bomba limejaa: hiyo ni presha ya mwinuko. Washa, subiri itulie, isome tena. Tofauti ni msuguano, na kila bar moja ni kama mita 10.2. Geji ikitoka bar 4.9 hadi 7.1, msuguano ni mita 22. Zidisha mita hizo kwa mtiririko wa lita kwa sekunde, kisha kwa 9.81, ugawe kwa 1,000 na kwa ufanisi. Hizo ni kilowati. Zidisha kwa saa za mwaka na bei ya uniti, kisha mpelekee mweka hazina namba utakayoipata.